Blenda, Kabba na Sinia la Sittana

Aliyelikosa gazeti la wiki jana kwa sababu lilifungiwa karanga, nampa kwa mkato.

Mimi ni Babikir, dereva wa malori niliyeishiwa na malori. Lori la mwisho liliungua njia ya Port Sudan na bega langu la kulia likavunjika nalo. Nikarudi Atbara kwa mke wangu Sittana, nikidhani sasa nitatulia. Sittana akafariki kabla bega halijaunga. Mtoto hatukujaaliwa. Nikabaki na vyumba viwili, kinu nisichoweza kutwangia, na Ramadhani inabisha hodi.

Na Ramadhani kwetu mwanaume hafuturu ndani. Akifuturu ndani, majirani wanauliza kama anaumwa au ni bahili. Jua likishuka, mikeka inatandikwa mtaani. Kila mwanaume anatoka na sinia la nyumba yake na kuliweka mahali pake. Mpita njia anakamatwa mkono, akikataa anavutwa kanzu. Gari linazuiwa kwa kilemba kilichotandazwa barabarani.

Nimezuiwa hivyo maisha yangu yote. Tangu Gedaref mpaka El Obeid, sijui mkeka ambao sikuukalia. Nilikula, nikashukuru, nikawasha gari.

Wiki jana nikatoka mlangoni kwangu mwenyewe, mikono mitupu. Haji Teifur, mkubwa wa mkeka wetu, akaniita kwa ukarimu wote:

"Karibu, msafiri, karibu! Kaa hapo mwisho."

Msafiri. Na mlango wangu ule pale, unaonekana.

Ndipo mdomo uliponiponza. Nikasema, "Kesho natoa sinia langu. Taamiya. Nitapika mwenyewe."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tende.

Taamiya ni ndugu wa bajia. Dengu zinalowekwa, zinasagwa mbichi na kitunguu, saumu na majani ya giligilani, zinapakwa ufuta, zinakaangwa. Za Sittana zilikuwa na jina mtaani. Sinia lake lilikaa chini ya nguzo ya taa, na tangu mwezi uandame mahali pale palikuwa wazi. Hakuna aliyepakalia. Kila jioni nilikula cha watu huku napatazama.

Nilikitaka kile kipande cha mkeka kuliko nilivyowahi kutaka lori.

Asubuhi nikaenda sokoni kwa Shaugi, muuza vyombo vya umeme.

"Shaugi, nataka mashine ya kusagia dengu."

"Ami Babikir! Siku hizi dengu zinasagwa na madereva?"

"Nionyeshe mashine, acha maneno."

Akashusha maboksi mawili. "Hii blenda. Hii kabba."

Blenda mnaijua: jagi refu, kisu kidogo chini. Kabba ni bakuli pana lenye kisu kipana, nayo haisagi, inakatakata. Nyama, kitunguu, karanga.

"Kwa taamiya, chukua kabba," akasema Shaugi.

Mwanamke mmoja alikuwa pembeni anachagua pasi. Akageuka mzima mzima.

"Usimpoteze mzee wa watu. Kabba itamsagia bamia kavu za mchuzi? Mimi ninayo. Ukizitia zinazunguka tu kama watoto kwenye bembea! Blenda ina kikombe chake cha vitu vikavu. Mchuzi atalainisha. Juisi ya embe atapata. Nyumba yenye mashine moja iwe na blenda."

"Mama, mzee anataka taamiya, hataki juisi."

"Leo anataka taamiya. Na siku nyingine zote afungulie mate?"

"Kwa taamiya blenda itamwaibisha!"

"Na kwa mengine yote kabba itamlaza njaa!"

Wakabishana mpaka wateja wawili wakasimama kusikiliza. Mwisho yule mama akanigeukia.

"Baba, una mke nyumbani?"

"Alikuwepo."

Akashusha pasi taratibu. Sauti ikapoa.

"Basi chukua blenda, baba yangu. Mtu wa peke yake anahitaji supu. Juisi. Vitu vya kunyweka."

Sikujua kama ule ni ushauri au huruma. Viliuma vyote viwili.

"Shaugi," nikasema, "ipi ina injini kubwa?"

"Injini?"

"Mota, bwana!"

"Blenda. Lakini ami, huendi kupanda nayo mlima."

"Funga blenda."

Ndivyo nilivyochagua. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, ukimwekea vitu viwili mbele, atachukua chenye nguvu.

Alasiri nikajifungia jikoni. Nikajaza dengu, kitunguu, majani. Nikawasha.

Ikanguruma kwelikweli. Dengu za chini zikageuka uji. Za juu zikakaa palepale zinaniangalia. Nikatikisa jagi. Nikalipiga kofi. Kisu kilikuwa kinazunguka kwenye shimo lake peke yake, kama gurudumu kwenye mchanga.

Nikafanya anachofanya dereva injini ikichemka. Nikatia maji.

Lo! Ikazunguka vizuri, laini, nyororo. Nikajisifu kwa sauti, na hapakuwa na wa kunisikia.

Nikachota donge, nikalitia kwenye mafuta. Likazama. Likachemka. Likatawanyika. Nikatia la pili, likamfuata mwenzake. Povu likapanda mpaka ukingo wa karai, likamwagika motoni, moshi ukajaa.

"Mume wa Sittana!" Sauti ikaruka ukuta. "Unakaanga au unafua?"

Huyo ni Bi Bakhita. Mjane. Marehemu mumewe alikuwa kaka yake Haji Teifur. Tunatenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na tangu nirudi hajaniita kwa jina langu hata siku moja. Mimi ni mume wa Sittana.

"Nakaanga, Bi Bakhita."

"Umetia maji?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kijiko au kidogo cha ndoo?"

Nikatazama jagi.

"Umesagia nini?"

"Blenda."

Nikasikia akivuta pumzi kule upande wa pili.

"Blenda bila maji haiendi, na taamiya yenye maji haishiki. Mmekutana wabishi wawili, wewe na mashine yako. Jua liko wapi?"

"Linazama."

"Ngoja."

Nikangoja, macho yanawasha kwa moshi. Mara mikono miwili ikatokea juu ya ukuta, na sinia. Taamiya zimepangwa, za moto, ufuta unang'aa.

"Hizi zilikuwa zetu za ndani," akasema. "Toa."

"Nikifika niseme nini?"

"Useme bismillahi."

Nikatoka. Mkeka mzima ukageuza shingo. Nikapita mwisho wa mkeka, nikapita katikati, nikaliweka sinia chini ya nguzo ya taa. 

Adhana. Tende. Maji. Kisha mikono ikaja.

Haji Teifur akang'ata moja. Akafumba macho. Akatafuna polepole, na wengine wote wakasubiri taya lake.

"Hii," akasema, "ni taamiya ya Sittana."

Akanitazama. Akaendelea kunitazama.

"Wallahi, Babikir. Hii ni yake kabisa. Umewezaje?"

Wasomaji wangu, hapa nakiri. Ulikuwa wasaa wa neno moja tu. Jirani. Jirani kanisaidia. Kinywa kilikuwa kimejaa taamiya ya watu, na macho ya watu wote yalikuwa kwangu kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Nikasema, "Ni mashine tu, jamani. Nimepata blenda nzuri."

Wakapiga makofi. "Ami Babikir umejificha miaka yote hii!" "Mwozeni, atafaa jikoni!" Vijana wakaja kunikalia karibu. Awadh fundi viatu akaniuliza jina la ile blenda amnunulie mkewe. Haji Teifur peke yake hakusema kitu tena. Akachukua taamiya ya pili, akaila akitazama chini.

Nilirudi ndani nikiwa mtu wa mtaa. Nikafunga mlango. Nikataka kumwambia mtu. Nikatazama huku na huku, nikakiambia kinu.

Kesho yake mapema nilikuwa kwa Shaugi na blenda yangu kwapani.

"Nibadilishie. Nipe kabba."

Akanusa jagi. "Ami, mashine iliyokwisha kuonja saumu siipokei."

"Nakuongezea redio."

Ilikuwa redio ya lori. Ndiyo pekee niliyoichomoa kabla moto haujafika mbele. Nimesikia humo habari za nchi nzima, nikipigana na usingizi njiani. Shaugi akaigeuza, akaiwasha, ikaimba. Akanitazama.

"Una hakika?"

"Nipe kabba, kijana."

Na kabba, nawaambia ukweli, ilikuwa mwenzangu. Ukiikandamiza tu, inakuharibia. Lakini gusa, achia. Gusa, achia. Kama breki kwenye tope. Dengu zikakatika chengachenga, kavu, zikashikana kiganjani bila tone la maji. Nikatia donge kwenye mafuta. Likazama, likaibuka, likawa jekundu, zima!

Nikagonga ukuta. "Bi Bakhita! Njoo uone!"

Kimya. Alikuwa ameenda msibani mtaa wa pili.

Nikakaanga zote peke yangu. Kitu kimoja tu kilinitatiza: chumvi. Nimefunga, naonjaje? Ningetia nyingi ingekuwa aibu, basi nikatia chembe, nikamwachia Mungu.

Jioni nikaliweka sinia chini ya nguzo. Mara hii sikutoa cha mtu. Zilikuwa zangu. Nilitaka sana wazile.

Wakala. Wakatafuna. Wakaendelea kutafuna.

"Ami Babikir," akasema Awadh, "leo blenda imegoma kutia chumvi?"

Mkeka ukaangua kicheko. Mmoja akasema amekula pamba za godoro zenye ladha kuliko hizi. Nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Haji Teifur hakucheka.

"Hizi kapika nani?"

"Mimi, Haji."

"Na za jana?"

Kicheko kikakatika. Sijui kwa nini swali dogo kama lile liliwanyamazisha watu.

"Mimi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Mkono mmoja, Haji. Leo nimebadilisha mashine tu."

Akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Mashine haitii chumvi, Babikir."

Akavuta bakuli la mchuzi la jirani yake, akala humo mpaka mwisho. Wengine wakamfuata. Sinia langu likabaki vile nilivyolileta.

Nilijiambia kwamba namlinda Bi Bakhita. Jina la mjane kutajwa mkekani pamoja na la mgane si jambo dogo mtaani kwetu. Ni sababu nzuri sana. Tatizo ni kwamba niliipata wakati narudi nyumbani, sinia limejaa mkononi. Pale mkekani sikuwa nimemfikiria Bakhita hata kidogo.

Sijakaa sawa, ukuta ukagongwa.

"Mume wa Sittana, uko?"

"Niko."

"Teifur katoka hapa sasa hivi. Kaniuliza."

"Ukamwambia?"

"Kwa nini nimfiche? Alikuwa anajua."

Nikausogelea ukuta. "Anajua nini?"

"Ramadhani mbili za mwisho Sittana alikuwa hawezi kusimama. Wewe ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Njiani. Sinia la nyumba yako nililipika mimi, kwa kinu chake, yeye kalala hapo akinielekeza. Na kwa kuwa mwanaume wa nyumba hayupo, aliyekuwa akija mlangoni kulibeba mpaka chini ya nguzo ni Teifur. Kila jioni. Ladha yake anaijua gizani."

Miaka ile yote nilidhani sinia linajitembeza.

"Jana alipokwambia hii ni taamiya ya Sittana," akaendelea, "ulidhani anakusifu?"

"Nilidhani..."

"Alikuwa anakufungulia mlango upite. Ungesema Bakhita kanisaidia, angekupiga bega, mngecheka, mngekula. Yeye ni shemeji yangu, angesema nani? Ukasema blenda."

"Niliogopa, Bi Bakhita."

"Uliogopa nini?"

Nikatafuta jibu. Nikamwambia la kweli, maana ukuta ulikuwa unatusitiri. "Kukaa mwisho wa mkeka."

Nilisikia anaburuta kiti, kisha hakukalia.

"Kaniomba nipike sinia la Sittana kama zamani," akasema. "Atakuja kulibeba yeye."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwahidi Sittana sinia lake halitakosekana mkekani, na mwezi huu nilikungoja wewe kwanza. Sikumwahidi litabebwa na nani."

"Na mimi?"

"Wewe una kabba. Pika." Akaanza kuondoka, kisha akarudi. "Na uonje. Ncha ya ulimi, halafu unatema. Saumu haiharibiki. Wanawake wote tunafanya hivyo, hamjiulizi?"

Siku ya tatu nilipika kama mtu anayetengeneza breki za gari atakalopanda mwenyewe. Gusa, achia. Ncha ya ulimi, nikatema. Chumvi. Ulimi tena. Nikapaka ufuta punje kwa punje. Zikatoka, jamani, zikatoka! Hazikuwa za Sittana. Zilikuwa nzito kidogo, na saumu imezidi. Lakini zilikuwa taamiya, na ningeweza kumtazama usoni mtu yeyote nikamwambia nimepika mimi.

Nikapanga maneno nitakayomwambia Haji mbele ya watu wote. Kwamba za kwanza zilikuwa za Bakhita. Kwamba nilisema uongo na chakula kiko mdomoni. Kwamba hizi ndizo zangu, wakipenda wale, wasipopenda wawape mbuzi.

Nikavaa kanzu safi. Nikatoka.

Chini ya nguzo ya taa palikuwa na sinia. Limefunikwa kawa jekundu na kijani, kazi ya mkono wa Sittana. Kawa lile nimelitafuta nyumba nzima tangu afariki. Haji Teifur ameketi nyuma yake, miguu kaikunja, tasbihi mkononi.

Nikatazama mkeka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwetu kila nyumba ina sinia moja na mahali pamoja. Nyumba ya Awadh, lipo. Nyumba ya muuza mkaa, lipo. Na nyumba yangu, sinia lake lilikuwa limekwisha kutoka.

Watu wakanyanyua nyuso. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yale maneno niliyoyapanga yakanipotea yote, hata la kwanza.

Haji Teifur akatazama sinia mikononi mwangu. Akauliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza mtu asiyejua:

"Hilo la nyumba ipi?"

Adhana ikaanza. Mikono yote ikaenda kwenye tende. Mimi nimesimama, bega linaniuma kwa uzito wa sinia, na mahali pa kuliweka sipaoni.